Chai Iliyoambiwa Isubiri

Filamu yangu ya nne ilinigharimu shilingi laki mbili, elfu themanini na sita, mia nne. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata laki mbili themanini na moja nikafurahi kidogo, halafu nikakumbuka plasta ya mguu wa stelingi.

Ya kwanza niliitengeneza kwa elfu kumi na mbili. Nilikuwa na duka dogo Roret, la kupiga picha za pasipoti, kuwekea watu nyimbo kwenye simu na kuchukua video za harusi. Kamera ilikuwa hiyo hiyo ya harusi. Jumamosi ilipiga maharusi wakikata keki, Jumapili ilipumzika kwa sababu wasanii wangu wote walikuwa wa kwaya, Jumatatu ikawa ya sinema. Taa ilikuwa jua. Jua likikaa upande mbaya, mtu alishika bati jipya akalielekeza usoni mwa anayesema. Bati lenyewe lilikuwa la jirani aliyekuwa anajenga, na malipo yake yalikuwa kumwingiza kwenye filamu kama chifu. Alipomaliza kuezeka nyumba nilipoteza taa na chifu kwa siku moja.

Wasanii walilipwa chai na mandazi. Walizungumza Kipsigis, isipokuwa polisi, ambao kwenye filamu zangu zote walizungumza Kiswahili kwa sababu hivyo ndivyo watu wa huku walivyowazoea. Wakati huo hakuna mtu mwingine aliyefanya kazi hii kutoka Roret mpaka Merigi. Hata leo nikienda mazishini huwa wananisimamisha na kunitambulisha kama dairekta wetu wa kwanza. Kutambulishwa hakuna gharama, ndiyo maana hawanisahau.

Filamu ya pili niliipeleka Chepilat siku ya soko, diski mia moja ndani ya begi, shilingi mia kila moja. Kabla sijafungua begi nikamwona kijana ametandika gunia, na juu ya gunia ni filamu yangu. Karatasi ya nje ilikuwa imechapishwa vizuri kuliko yangu.

"Hii ni ngapi?"

"Hamsini, boss. Imetoka jana."

"Imetoka wapi?"

"Imetoka tu."

"Nipe na thelathini."

"Boss, hapa watu wamefanya kazi. Angalia huyu mama, analia machozi ya ukweli."

"Thelathini."

"Leta thelathini na tano, na usiambie wengine."

Nilitoa thelathini na tano, nikaenda kuitazama nyumbani. Picha ilikuwa safi kuliko ya kwangu. Mpaka leo sijui alifanyaje, na yule mama aliyekuwa analia sikumlipa hata hizo thelathini na tano.

Nasema haya ili ueleweke moyo niliokuwa nao nilipofika ya nne. Mimi ni mtu wa bei. Baba yangu alitoka upande wa ziwa akaajiriwa karani wa stoo katika kiwanda cha chai, tukalelewa kwenye nyumba za estate, na mama alitutuma sokoni tukijua kwamba chenji itahesabiwa. Kununua bila kubishana naona ni kama kuibiwa nikiwa macho. Nimejifunza pia kusikiliza. Muuzaji akikuambia kitu ni kigumu kupatikana, anapandisha. Akikuambia ni hasara kwake, bado anapandisha. Akinyamaza, amekubali lakini anaona aibu kusema. Kwa masikio hayo nimenunua kamera, pikipiki na ploti, na sijawahi kujuta, ukiacha mara moja tu, hii ninayokusimulia.

Mke wangu ni Mkipsigis, wa mlima wa pili kutoka Roret. Mama yake ni mjane. Nyumbani kwangu tunamwita Kogo, yaani nyanya, kwa sababu ya watoto, na kwa sababu mimi siwezi kumwita jina. Kwao, mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawakai karibu, hawatazamani usoni. Kwetu sisi wa ziwa mambo ni hayo hayo, tena na zaidi. Kwa hiyo kati yangu na Kogo heshima ilikuwa ya pande mbili, nene kama ukuta. Maneno yangu kwake yalibebwa na mke wangu, na yake kwangu yakarudi kwa njia hiyo hiyo.

Kogo alikuwa na ng'ombe wawili na nusu ekari ya chai. Na alikuwa na kitinda mimba, shemeji yangu, aliyemaliza kidato cha nne vizuri akapata nafasi ya kusomea uuguzi, aanze Septemba. Karo ya kuanzia ingetoka kwenye chai. Mpango ulijulikana na nyumba nzima: Kogo apeleke majani kwenye kituo cha kununulia chai bila kukosa msimu wote, halafu sako, chama cha akiba na mikopo cha wakulima, ikiona kilo zake, impe advansi. Hakukuwa na mpango wa pili. Mimi nilijua hayo yote, kwa sababu niliambiwa tukiwa mezani na nikasema ni mpango mzuri.

Filamu ya nne ilikuwa ya mapenzi. Kijana wa boda anampenda msichana anayechuma chai, baba ya msichana hataki. Stelingi alikuwa kijana wa boda wa kweli, hapo stendi ya Roret, mwenye meno mazuri. Msichana alikuwa shemeji. Kamera nilikodi Kericho mjini, kubwa, na ndiyo maana pesa zilienda vile zilivyoenda. Nilikuwa nimechoka kuitwa dairekta mazishini. Nilitaka filamu ambayo mtu wa Nairobi akiitazama atauliza ilipigwa wapi.

Picha kubwa ilikuwa hii. Kijana anaacha pikipiki barabarani juu, anashuka mbio katikati ya mistari ya chai mpaka kwa msichana aliyesimama na kikapu mgongoni. Shamba la Kogo lilifaa kabisa. Lilikuwa limechumwa vizuri, sawasawa juu kama blanketi lililotandikwa hospitalini, likimfikia msichana kiunoni. Desemba tukapiga nusu: msichana anainua macho, kijana anaanza kukimbia. Nusu ya pili tungepiga kesho yake. Jioni hiyo stelingi, akiwa bado na shati la filamu, alibeba abiria, akateleza kwenye kona ya barabara ya marami, akavunjika mguu.

Nilimkuta hospitali akiwa amening'inizwa mguu.

"Nitalipwa siku za plasta?" aliuliza.

"Kwa kazi gani?"

"Kuna mtu mwingine unaweza kuweka?"

"Hakuna. Uso wako uko kwenye filamu tayari."

"Basi niko kazini. Na nilianguka na nguo yako."

Tulibishana mpaka nesi akanitoa nje. Nililipa plasta, na nusu ya siku zake za kulala.

Sasa ndiyo nikaanza kufikiri kama dairekta. Mtu akianza kukimbia kwenye picha moja na kumaliza kwenye nyingine, kilicho nyuma yake kisibadilike. Nilisimama barabarani nikaona wachumaji wakiingia shambani na vikapu vitupu, wakitoka na vikapu vimejaa, nikaona wanabeba filamu yangu kidogo kidogo. Dawa ilikuwa wazi: shamba lisiguswe mpaka mguu upone.

Usinicheke bado. Chai niliyoijua mimi ni ya stoo. Tulipokuwa wadogo tulimpelekea baba chakula, tukaikuta kwenye magunia, imepangwa mpaka dari, imekaa miezi ikingoja lori. Ilikuwa inasubiri vizuri tu. Sikuwahi kuchuma hata jani moja maishani. Watoto wa makarani hatukuchuma, na tulijivunia hilo.

Nikamwambia mke wangu, "Mwambie Kogo asichume mpaka stelingi apone. Nitampa elfu mbili kwa mwezi. Majani hayaendi popote, yatabaki yake. Namwomba tu asubiri."

Alienda Jumapili baada ya kanisa, akarudi na sura ya mtu aliyebeba mzigo asioutaka.

"Kogo anasema chai haiwekwi."

"Elfu mbili mia tano."

"Sijasema bei, Baba Watoto. Nimesema chai haiwekwi."

"Amekataa?"

"Wewe ni mkwe. Atakukataa aje?"

"Basi hajakataa. Elfu mbili mia tano, na pakiti mbili za sukari."

Akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja polepole.

"Wewe ukiambiwa nyumba inaungua, utauliza inauzwa ngapi."

Nilicheka. Niliona mama na binti wamepanga kunitoa elfu tatu, nami nimewashikilia kwenye mbili na nusu. Kogo hakurudisha neno lingine. Nikasema amekubali, pesa tutahesabiana mguu ukipona.

Wachumaji wakaacha kuja. Kila baada ya wiki kadhaa mke wangu aliniletea salamu. Mara ya kwanza: "Kogo anauliza mguu umefika wapi." Nikamjibu unaendelea vizuri. Mara ya pili: "Kogo anauliza kama mguu bado." Nikaona mama mkwe wangu ni mtu wa huruma, anamjali kijana wa watu ambaye hata hamjui. Nikamtumia stelingi salamu hizo, naye akajisikia. Wala yeye wala mimi hatukujua kwamba kwa mwanamke wa heshima yake, mbele ya mkwe, hiyo ndiyo sauti ya juu kabisa aliyoruhusiwa kupaza. Alikuwa analia shamba lake. Mimi nikasikia pole.

Februari plasta ikatolewa. Nikakodi kamera tena, tukapanda mlima. Nilipofika barabarani nilidhani nimekosea shamba. Chai ilikuwa imenyanyuka kila upande, matawi marefu na mafupi, majani magumu ya kijani kizito. Shemeji aliingia kwenye nafasi yake ya Desemba, akapotea.

"Shemeji," alisema kutoka humo ndani, "kichwa kinaonekana?"

"Kinaonekana kidogo."

"Na kikapu?"

"Kikapu hakionekani."

"Sasa huyu kijana anakimbilia nini, nywele?"

Tulimsimamisha juu ya kreti ya soda, ikazama kwenye udongo. Kamera ilikuwa inalipiwa kwa siku, ilale au ifanye kazi. Nilitoa utepe wa harusi kwenye gari lililotuletea kamera, nikaufunga kutoka mti mmoja mpaka mwingine, usawa wa kiuno cha shemeji. Nikaita vijana watatu wenye panga, tukabishana bei, tukaelewana, nikawaambia wakate kila kilicho juu ya utepe.

Mke wangu alikuwa pembeni. Hakusema kitu. Nilimuuliza baadaye kwa nini, akaniambia alikuwa amemaliza kusema Desemba.

Kumbe kijani cha chai kiko juu tu. Chini ya pale panapochumwa ni vijiti, kavu, rangi ya kuni. Vijana walipomaliza, shamba lilikuwa sawa kabisa na utepe na halikuwa na jani. Nikageuka nikamwona Kogo amesimama mlangoni mwa jikoni. Kwa adabu niligeuza macho, naye akageuza. Kisha akamwita binti yake, akasema naye Kipsigis kwa sauti ya kawaida, binti akatuletea sufuria la ugali na mboga, na maziwa ya mursik kwenye kibuyu. Tulikula wote, hata wenye panga. Nilihesabu watu tisa. Hiyo pia haimo kwenye laki mbili themanini na sita.

Tulipiga picha. Nifanye nini, kamera ilikuwa imelipiwa. Kwa hiyo filamu iko hivi: msichana amesimama kwenye zulia la kijani, anainua macho. Kijana anaanza kukimbia kwenye kijani. Halafu anaendelea kukimbia kwenye uwanja wa kuni, anachechemea kidogo kwa ajili ya mguu, anamfikia msichana, wanakumbatiana kwenye kuni. Halafu uso wa msichana, kijani tena nyuma yake.

Nilionyesha mara ya kwanza Chepilat, kwenye ukumbi wanaotazamia mpira. Picha ile ilipofika, mtu wa nyuma akauliza, "Huyo jamaa amekimbia miaka mingapi?" Mwingine akamjibu, "Alianza na miguu mizima, huoni sasa ni mzee?" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Waliomba irudishwe. Nikarudisha mara tatu, nikiwa nimesimama karibu na mashine na rimoti mkononi, nikicheka nao ili wasijue dairekta ni nani.

Na filamu ikauza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Iliuza kuliko tatu za kwanza zikijumlishwa, Merigi, Roret, Chepilat, watu wakileta flashi zao wenyewe na kusema niwekee ile ya kuni. Pesa yangu ilirudi yote, na juu yake faida ya elfu arobaini na moja. Tangu hapo mimi ni mtu wa vichekesho. Nikiandika kitu cha kuliza watu, wanakaa mkao wa kucheka kabla hakijaanza. Sijapiga mapenzi tena.

Shamba lilikuwa na hesabu yake. Mke wangu alinifafanulia tukiwa jikoni kwetu, akiwa ananipa mgongo, akikatakata sukuma. Kuchuma ndiko kunakofanya chai ibaki vile ilivyo. Ukiacha kuchuma, inasahau kwamba ni kichaka, inaanza kuwa mti. Na kukata kuna msimu wake na mkono wake. Jua la Februari likipiga matawi yaliyozoea kufunikwa, yanaungua. Michai mingine ilichipuka baada ya miezi, mingine haikuchipuka. Ukisimama barabarani leo utaona mapengo. Miezi ile yote Kogo hakupeleka kilo kituoni. Alipoenda sako kuomba advansi, walitazama kompyuta yao, wakamwambia mama hapa hakuna kitu. Septemba ikaja, chuo kikafunguliwa. Ng'ombe mmoja aliuzwa, pesa yake ikaenda kwa chakula, kwa sababu watu walikuwa wanakula pia.

Shemeji sasa anachuma majani kwenye mashamba ya wengine, analipwa kwa kilo. Nilikutana naye njiani na kikapu, cha kweli safari hii.

"Shemeji, ile sinema iliuza?"

"Iliuza."

"Nilisikia watu wanaipenda," alisema, akaniuliza habari za watoto, akaenda. Ningefurahi kama angenitukana. Tusi lina mwisho.

Nilitaka kulipa. Nataka nieleweke hapo: mimi hubishana bei, lakini bei ikipatikana nalipa. Nilimpa mke wangu elfu ishirini ampelekee mama yake. Alirudi na jogoo, gunia la mahindi na kibuyu cha mursik. "Kogo anasema asante kwa zawadi." Nikatuma elfu thelathini. Ukarudi mbuzi jike, mwenye mimba. Nilipiga hesabu kwa bei ya soko la Roret, nikaona kila nikituma deni linaongezeka, maana mtu ambaye sako imemkatalia ananilisha mimi.

"Mwambie ataje bei," nilimwambia mke wangu. "Ataje yoyote. Sitapunguza."

"Akutajie bei ya nini?"

"Ya chai."

"Alikuuzia chai?"

"Hapana."

"Alikunyima?"

"Hapana."

"Basi. Uliomba ukapewa. Akitaja bei sasa, amekugeuza mnunuzi, na mnunuzi hawezi kumwoa binti yake. Unataka akurudishe sokoni?" Akafunika sufuria. "Na mimi nimechoka kubeba maneno yenu. Kila nikiyabeba yanafika yakiwa bei."

Nilijaribu kupitia kwa shemeji. Nafasi yake ya chuo ilipita, lakini anaweza kuomba tena mwaka huu, na alama zake bado zinatosha. Nikamwambia nitalipa chuoni moja kwa moja, mwaka wa kwanza wote, asimwambie mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ongea na mama." Anajua vizuri kwamba mama ndiye mtu mmoja duniani ambaye siwezi kuongea naye.

Kwa hiyo nimeweka shilingi elfu tisini kwenye akaunti ya peke yake, nimehesabu mara mbili, na maombi ya chuo yanafungwa kabla ya mvua kuisha. Sina rafiki wa kumuuliza hapa, kwa sababu nikifungua mdomo wataniomba niigize. Wewe unayesoma, hasa kama umeoa mlima ule, au una mama mkwe anayekuheshimu kuliko unavyostahili, naomba ushauri. Nitume nini, na nikitume kwa mkono wa nani, ili kimfikie bila kuitwa zawadi wala bei, asinirudishie mbuzi mwingine, na yule msichana aende chuo?